Miguu Miwili ya Bi Mwantum

Bi Mwantum binti Yunusu hakupenda kitu cha bure. Wako watu wanaosema hivyo huku mkono umeshanyooshwa, lakini yeye alikuwa hivyo kweli. Mwaka mmoja mwenye duka la nguo pale Sumbawanga mjini alimpa kipande cha bafta kilichobaki mwisho wa jora, kwa kuwa alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Bi Mwantum alikipokea, akakigeuza mbele na nyuma, akakirudisha juu ya meza na kumtaka yule bwana ataje bei. Mwenye duka akacheka, akasema ni zawadi. Bi Mwantum akamjibu kwamba zawadi hutolewa harusini, na pale walipo ni dukani. Wakavutana mpaka yule bwana, kwa kuchoka, akataja senti hamsini. Hapo uso wa Bi Mwantum ukakunjuka. Akaanza kuipunguza ile bei hadi ikafika senti thelathini, akalipa, akaenda zake ameridhika kabisa.

Alikuwa mzaliwa wa Ujiji. Alipanda Ufipa akiwa bibi harusi, pamoja na mumewe Abdala aliyekuwa akichuuza chumvi na dagaa, na Abdala alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Bashiri, na nyumba ya matofali mabichi iliyoezekwa kwa bati, karibu kabisa na mahali malori yanaposimama. Katika chumba cha mbele Bi Mwantum akafungua mgahawa. Abiria wa Mpanda, wa Namanyere na wa Tunduma waliijua chai yake ya tangawizi, na maandazi yake waliyajua zaidi. Bashiri akawa dereva wa lori, siku tatu yuko nyumbani na siku kumi yuko njiani, na mkewe Kulsumu akabaki mgahawani na mama mkwe. Kulsumu alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache hayakupata nafasi katika nyumba ile.

Jambo moja zaidi inafaa lijulikane. Bi Mwantum aliishi Ufipa miaka thelathini, na kila mtu alijua kwamba hajui Kifipa. Wauza kuni na wauza maziwa kutoka vijijini walikuwa wakishauriana bei mbele yake kwa lugha yao, naye akiwatazama kwa macho ya mgeni. Ila kila mara bei aliyoitaja yeye ilikuwa chini kidogo tu ya ile waliyokuwa wameafikiana.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka 1952, wakati wa baridi ile inayomfanya mtu ashike kikombe kwa mikono miwili, mgahawa ulijaa abiria. Mmoja wao akasema kwamba andazi la leo ni dogo kuliko la jana. Alisema kwa sauti ya chini, lakini Bi Mwantum aliyasikia maneno kama hayo hata yakisemwa ng'ambo ya barabara. Akageuka pale jikoni kumjibu, ncha ya kanga yake ikanasa kwenye mkono wa karai, na mafuta yote yakamwagika juu ya miguu yake miwili, kuanzia vifundo hadi vidoleni. Akakaa chini bila kusema neno. Hicho ndicho kilichowatisha watu, kwa maana hawakuwahi kumwona amekaa kimya.

Walimpeleka hospitali ya serikali, akalala huko siku nne. Hakuna aliyemkosea. Alihudumiwa vizuri, ila usingizi haukumjia kwa kuwaza Kulsumu anatia sukari kiasi gani kwenye birika. Siku ya tano akadai kurudi nyumbani. Daktari alimweleza kwamba akiondoka, vidonda lazima vioshwe na kufungwa nyumbani mpaka vifunge kabisa, na pia asisimame wala kuingia jikoni. Bi Mwantum aliyasikia maelezo hayo nusu ya kwanza tu. Bashiri akambeba hadi kwenye lori, akamlaza kitandani katika chumba cha nyuma, mahali ambapo aliweza kusikia kila kikombe kikiwekwa mezani.

Kesho yake saa moja asubuhi kengele ya baiskeli ikalia nje. Alikuwa Gaudensi, dresa.

Gaudensi alikuwa Mfipa wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa mfunga vidonda katika jeshi la Mwingereza na kufika nalo hadi Bama, kule Asia, kwenye vita na Wajapani. Aliporudi hakutaka tena kulima ulezi. Alinunua baiskeli, akashonesha koti jeupe, akaanza kuzungukia majumbani kuosha vidonda, kufunga bendeji, kuwanyoa wazee ndevu na kuwapima homa kwa kipimajoto alichokificha mfukoni kama mtu aliyeficha dhahabu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyomlisha. Koti lake lilipigwa pasi kila siku, na akisema atafika saa moja, alifika saa moja.

Alitaka shilingi mbili kila akija. Bi Mwantum akasema senti hamsini. Walivutana nusu saa nzima, na kwa muda wote huo mgonjwa alisahau kwamba anaumwa. Waliishia kwenye shilingi moja, chai ya moto na maandazi mawili. Bi Mwantum akajilaza kwenye mto, moyo umetulia. Sasa alikuwa na mganga aliyemwelewa.

Na kweli Gaudensi alikuwa na mkono mwepesi. Bendeji ikiwa imegandamana na kidonda, aliilowesha taratibu kwa maji ya vuguvugu mpaka ikaachia yenyewe, huku akisimulia mvua za Bama na nyumbu wa jeshi waliozama topeni. Alipaka dawa ya manjano, akafunga mafundo yaliyolala sawasawa. Bi Mwantum akiguna, alisimama. Akiuliza kama kidonda kinaendelea vizuri, jibu lilikuwa kinaendelea vizuri sana.

Siku ya sita tangu Gaudensi aanze kuja, akaja Dominika.

Huyo aliletwa na Kulsumu, ingawa Kulsumu hakusema. Walikutana sokoni kwenye chumvi, wakazungumza kidogo. Dominika alikuwa mjane wa makamo, mkulima wa mahindi na ulezi, aliyefundishwa kwenye zahanati ya misheni kuosha vidonda na kuzalisha, na misheni ikamtuma kuwatembelea wagonjwa majumbani bila kuwatoza chochote. Yeye mwenyewe alipewa sabuni, chumvi na gauni mbili kwa mwaka. Alitembea kwa miguu, kikapu kichwani, na kila siku ya juma ilikuwa na vijiji vyake. Mjini zamu yake ilikuwa Jumanne na Ijumaa.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu. Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama. Nimetoka misheni. Nimekuja kukuosha miguu."

"Kwa bei gani?"

"Hakuna bei."

"Basi mnataka nini?"

"Mimi nataka maji yaliyochemka, na chumvi."

Bi Mwantum akamweleza kwa kirefu kwamba yeye ni Mwislamu, binti wa Mwislamu, na kwamba hajawahi kufikiria kubatizwa wala hafikirii sasa. Dominika akamsikiliza hadi mwisho huku akikunja mikono ya gauni. Kisha akasema yale maji ni ya miguu, hayatafika kichwani.

Bi Mwantum akajaribu njia nyingine. Akamwambia atampa senti hamsini. Dominika akakataa. Akasema sitini. Dominika akakataa. Alipofika themanini ndipo alipotambua kwamba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa akijipandishia bei mwenyewe. Akaudhika, akaacha kutaja bei. Kumfukuza hakuweza, maana mgeni alikuwa ameshakaribishwa na Kulsumu alikuwa ameshaleta beseni. Akawaza. Ikiwa huyu mwanamke ataharibu, angalau usiharibike mwili mzima.

"Mguu wa kulia una mwenyewe," akasema mwisho. "Wewe chukua wa kushoto."

Asubuhi iliyofuata Gaudensi alikuta mguu wa kushoto umefungwa mafundo ya mtu mwingine. Bi Mwantum akamweleza jinsi mambo yalivyo, na kwamba kwa kuwa sasa ni mguu mmoja, malipo nayo ni nusu. Gaudensi akasema baiskeli haiwezi kuja nusu ya njia. Hoja hiyo ilimpendeza Bi Mwantum, akakubali senti sabini na tano, na maandazi yakabaki mawili.

Hivyo ndivyo miguu ya mama mmoja ilivyopata kutunzwa na watu wawili, mmoja kwa malipo na mwingine bure. Bi Mwantum aliwalinganisha kwa bidii ya mtu anayenunua mbuzi. Gaudensi alikuja kila siku. Dominika alikuja mara mbili kwa juma, na pengine mchana, pengine jua linazama, ikitegemea ni mtoto gani amezaliwa wapi. Gaudensi alisema "Pole, mama" kabla ya kumgusa, Dominika alisema "Tulia." Gaudensi alimsifu kwa uvumilivu. Dominika alifungua dirisha, akaondoa mkeka wenye vumbi, akaamuru mgonjwa apewe mayai na maharage, akamkanya asikae karibu na moshi, na baada ya kuosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochoma kama moto wenyewe, akaushika ule mguu na kuanza kuukunja. Juu, chini, kidole kimoja kimoja. Bi Mwantum alipiga kelele zilizomfikia dereva aliyekuwa chini ya lori lake.

"Umeniletea askari," alimwambia Kulsumu.

Habari zikaenea. Wanywaji chai wakagawanyika pande mbili. Madereva walikuwa upande wa mguu wa kulia, kwa kuwa una baiskeli na unakuja kwa saa. Wakulima walioleta mahindi sokoni walikuwa upande wa kushoto. Wakataka kuona wenyewe, na Bi Mwantum akaruhusu mtu achungulie mlangoni, mradi awe amekunywa chai. Mgahawa haukuwahi kujaa namna ile. Watu waliingia wawili wawili, wakainama, wakatazama, wakatoka wakitikisa vichwa kama wazee wa baraza. Wiki ya nne ilikuwa wazi kwamba madereva wanashinda. Mguu wa kulia ulikuwa umeanza kufunga ngozi laini, ya waridi. Wa kushoto bado ulikuwa na madoadoa na mabaka mabichi.

Wiki ya tano Dominika hakuja Jumanne. Surua ilikuwa imeingia huko chini bondeni, pande za Mtowisa, na misheni ilimtuma akasaidie. Aliacha maagizo kwa Kulsumu: mguu uoshwe kwa maji ya chumvi kila asubuhi, ukunjwe, ufungwe kwa kitambaa kilichochemshwa. Kulsumu akaleta beseni. Bi Mwantum akatazama yale maji, akakumbuka yanavyochoma, akasema mguu wa misheni utaisubiri misheni. Kulsumu akajaribu tena kesho yake, na kesho kutwa, akafukuzwa mara zote mbili.

Siku ya saba Gaudensi alipoingia chumbani alisimama ghafla mlangoni. Akakaa kwenye kigoda chake, akatoa kipimajoto, akakitazama muda mrefu kuliko kawaida.

"Mama Bashiri, una homa. Na mguu huu mwingine unanuka."

"Huo si wako."

Gaudensi akavuta beseni. Akauosha mguu wa kulia kama alivyopatana, akaufunga, akakusanya vitu vyake, akatoka. Kulsumu alimwona akisimama kando ya baiskeli, mkono mmoja juu ya usukani, akitazama barabara. Nyumba mbili zilikuwa zinamsubiri upande wa bomani, na hizo zililipa bila kuvutana. Akairudisha baiskeli ukutani, akavua lile koti jeupe, akamwambia Kulsumu achemshe maji mengi.

Alifanya kazi mpaka adhuhuri. Alikata ngozi iliyooza, akatoa usaha, akaosha, akaosha tena. Hakusimulia Bama. Bi Mwantum alishika ukingo wa kitanda, na safari hii hakupiga kelele. Alipomaliza, mgonjwa akamwuliza ni kiasi gani.

"Mguu huu hatukupatana bei, mama. Siwezi kuutoza."

Bi Mwantum akageuka ukutani akalia. Baadaye alimwambia Kulsumu kwamba ni maumivu tu. Gaudensi akarudi jioni ile, na siku mbili zilizofuata asubuhi na jioni, na kila mara alipomaliza mguu wa kulia aliingia kwenye wa kushoto bila kuulizwa. Homa ikashuka. Lakini Bi Mwantum hakutulia. Alijua namna ya kumchukulia mtu anayemdai, na sasa alikuwa na mtu mwenye bei aliyekataa kuitaja.

Dominika alirudi Ijumaa ya wiki iliyofuata, amekonda, miguu yake mwenyewe imepasuka kwa njia. Akafungua bendeji ya kushoto, akatazama, akauliza nani aliyesafisha hapa. Kabla hajajibiwa, kengele ililia nje na Gaudensi akaingia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana ana kwa ana, ingawa kila mmoja alishayajua mafundo ya mwenzake. Wakaamkiana. Dominika akamshukuru kwa kichwa, kisha akaomba auone na mguu wa kulia.

Gaudensi aliufungua kwa fahari isiyofichika. Ulikuwa umefunga kabisa, mzuri wa kutazama. Dominika akaushika, akajaribu kuvishusha vidole. Havikushuka. Ile ngozi laini ya waridi ilikuwa imevivuta juu, na kifundo chenyewe kilikuwa kigumu kama tawi kavu. Akasukuma kidogo zaidi, Bi Mwantum akapiga kelele.

Hapo wale wawili wakaingia kwenye Kifipa, maana mama wa watu alikuwa pale pale kati yao na hawakutaka ajue.

Dominika alitaka kujua imekuwaje mtu amekaa na mguu huu kila siku kwa wiki sita asiukunje hata mara moja. Gaudensi akasema alijaribu siku ya tatu. Mama alimwita mchinjaji, akasema madresa ni wengi mjini.

"Anayenilipa akipiga kelele, kesho sina kazi," alisema. "Nikambembeleza."

"Mimi hawezi kunifukuza," Dominika akajibu. "Ndiyo maana namliza."

Akaupapasa ule mguu wa kushoto. Kisha akasema, polepole, kwamba kwa sababu hiyo hiyo anaweza kukaa siku kumi Mtowisa na hakuna mtu wa kumwuliza. Hana wa kumkata mshahara, na hana wa kumpa siku zaidi katika juma. Kama Gaudensi asingegusa mguu usio wake, ungekatwa.

Gaudensi akasema tatizo ni mama mwenyewe, ni mkaidi kama punda asiyejua jembe. Dominika akakubali, ila akasema chai yake ni nzuri. Wakaanza kushauriana ni nani atakayemwambia kwamba mguu wa kulia huenda ukabaki umepinda. Gaudensi alimwachia Dominika, kwa kuwa ni mwanamke. Dominika alimwachia Gaudensi, kwa kuwa mguu ni wake.

"Msisumbuke kutumana," Bi Mwantum akasema. "Nimesikia."

Alisema kwa Kifipa. Lafudhi ilikuwa ya Ujiji, lakini kila neno lilikaa mahali pake, na lilifuatwa na mengine: kwamba amesikia habari ya mchinjaji, na ya kufukuzwa, na ya Mtowisa, na ile ya punda wataizungumza siku nyingine. Mlangoni Kulsumu, aliyekuwa ameshika birika, akacheka. Akacheka mpaka akaweka birika chini. Bi Mwantum aligeuka kumtazama, maana katika miaka minne ya ndoa ya mwanawe hakuwahi kusikia kicheko kile.

Kisha akawapa masharti mapya, kwa Kiswahili, polepole, ili pasiwe na kisingizio. Miguu yote miwili ni ya wote wawili. Dominika atakuja siku anazoweza, na yeye Bi Mwantum hatamwuliza bei tena. Gaudensi atalipwa shilingi kamili kama zamani.

"Lakini kuanzia leo nakulipa unilize. Siku nisipolia, hulipwi."

Gaudensi alishika neno. Kila asubuhi baada ya saa moja, abiria wageni waliinua vichwa kutoka kwenye vikombe wakidhani kuna mtu anachinjwa, na wenyeji wakawaambia wanywe chai, ni mguu wa kulia. Zile pande mbili zikavunjika, kwa kuwa haikujulikana tena nani ni wa mguu upi, na madereva wakarudi kuzungumza habari za springi.

Ilikuwa mwezi wa tisa ndipo Bi Mwantum alipoona jambo lililokuwa mbele ya macho yake tangu mwanzo. Gaudensi alikaa naye nusu saa. Dominika alikaa naye saa moja, mara mbili kwa juma. Saa nyingine zote, nani alikuwa akivikunja vidole vile, mchana baada ya wateja kupungua, na tena kabla ya kula? Nani alichemsha vitambaa, akamwaga mabeseni, akamgeuza kitandani, akakanda unga wa maandazi katikati ya hayo yote? Alitazama mikono ya Kulsumu juu ya mguu wake. Ilikuwa myekundu kwa maji ya chumvi, na ngozi imechanika kwenye vifundo vya vidole.

"Nani alikufundisha kushika hivyo?"

"Wote wawili, mama. Kaka Gaudensi alinionyesha kufunga, mama Dominika akanionyesha kukunja."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unapiga kelele, mama."

Bi Mwantum akaishika ile mikono, akaigeuza. Kulsumu hakulipwa kama Gaudensi, wala hakuweza kuondoka kwenda kijiji kingine kama Dominika. Siku ile alimwambia Kulsumu apake mafuta mikononi, yale mazuri ya kwenye kopo la bluu ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuyagusa, na akamtaka muuza kuni alete msichana wa kusaidia kukanda unga.

Mvua za kwanza zilipoanza, Bi Mwantum alisimama. Mguu wa kushoto ulibaki na mabaka kama ramani, lakini ulikanyaga chini wote. Wa kulia uliendelea kuwa mzuri wa kutazama, na vidole vyake viwili havikushuka kamwe. Fundi wa makubadhi akamkatia kiatu cha tairi chenye nafasi juu. Mara alipoweza kufika mbali, alikwenda na lori hadi zahanati ya misheni, akateremsha kifurushi cha sukari na sabuni mlangoni. Walimwuliza kama ni zawadi, akasema si zawadi. Wakauliza kama ni malipo, akasema si malipo. Walipotaka kujua basi ni nini, akasema ni sukari na sabuni, akapanda lori akarudi.

Gaudensi aliendelea na baiskeli yake. Kwa miezi kadhaa alipoteza wateja, kwa kuwa alikuwa amejifunza kuwaliza, kisha wakarudi pamoja na wengine. Alipatana na Dominika kwamba wasioweza kulipa atawaelekeza kwake, na wanaotaka mtu wa kila siku Dominika atawaelekeza kwa Gaudensi. Mpango huo ulidumu, ingawa kila mmoja alilalamika kwa Bi Mwantum, kwa siri, kwamba mwenzake anamletea wagonjwa wabaya kuliko wote. Bi Mwantum alimsikiliza kila mtu kwa wakati wake, akawaunga mkono wote.

Mwaka 1955, asubuhi moja ya baridi, dereva mmoja wa Mtowisa aliingia mgahawani bila kuagiza kitu. Mke wa ndugu yake alikuwa ameunguzwa na chungu cha wali, mikono yote miwili, naye dereva alikuwa ametumwa kumtafuta yule wa miguu. Bi Mwantum akamwelekeza nyumba ya Gaudensi. Dereva akasema siye. Bi Mwantum akamwambia kama ni mama Dominika, leo yuko upande wa Namanyere. Dereva akatikisa kichwa, akasema wamemwambia ni mwanamke kijana, wa hapa hapa, aliyemkunja mama mkwe wake mpaka akasimama.

Kulsumu alikuwa amesimama penye karai, kijiko mkononi, mtoto wake wa kwanza mgongoni. Akamtazama mama mkwe. Abiria wanne walikuwa wanasubiri, na msichana wa kukanda unga hakuja siku hiyo.

Bi Mwantum akajivuta kwa mwendo wake wa upande mmoja hadi jikoni. Akamfungua mtoto mgongoni mwa Kulsumu, akamfunga mgongoni kwake, akachukua kile kijiko.

"Nenda," akasema. "Beba na chumvi yetu. Ya huko ina mchanga."

Lori likaondoka. Bi Mwantum akakunja ncha za kanga yake na kuzichomeka kiunoni, akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye mafuta, akatumbukiza andazi la kwanza. Lilimwungulia. Akalitoa, akalila mwenyewe akiwa amesimama, akawaambia wale abiria wasubiri la pili.